Teleferiki: moto wa Antananarivo, mgomo wa Katra, na swali linalongoja chini ya Rwenzori

Tarehe 25 mwezi wa tisa 2025, vijana wa Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, waliingia barabarani. Walikuwa wanadai vitu viwili ambavyo mkaaji wa Goma, Bukavu ao Uvira anavijua vizuri: maji kwenye bomba na umeme ndani ya nyumba. Polisi walirusha gesi ya machozi. Kabla siku haijaisha maduka yaliporwa, nyumba za wanasiasa walio karibu na rais zilishambuliwa, na vituo kadhaa vya teleferiki mpya ya mji vikawaka moto.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Teleferiki ile ilikuwa bado mpya kabisa. Ilikuwa fahari ya Rais Andry Rajoelina: kilomita kadhaa za kamba ya chuma, kazi ya kampuni za Ufaransa, gharama ya milioni 152 za euro zilizopatikana zaidi kwa mikopo. Mji wenye vilima vingi na msongamano mbaya wa magari ulikuwa umepata chombo kinachopita juu ya msongamano. Kwa nini basi watu wa mji ule ule wakichome?

Wengi walijibu haraka: ni hasira, ni uporaji, vijana wanaharibu mali yao wenyewe. Jibu hilo halitoshi. Mwenye hasira huchagua mahali pa kupiga. Hakuna aliyepanda juu kukata kamba. Moto uliwashwa kwenye vituo, pale kamba inapogusa ardhi, pale raia anaposimama na kuhesabu pesa zake mfukoni. Ukitaka kujua kama teleferiki itapendwa ao itachukiwa, usiangalie kilele cha mlima. Angalia kituo cha chini.

Chini ndiko mambo yote yalipo

Kwa msomaji ambaye hajapanda chombo hiki: teleferiki ni kabini zinazoning'inia kwenye kamba nene ya chuma, zikivutwa kati ya vituo. Ziko aina mbili kubwa. Ya zamani ina kabini mbili tu, moja ikipanda nyingine inashuka, zinapishana katikati. Ya kisasa ina kabini ndogo nyingi zinazozunguka bila kusimama, kama ndoo kwenye mnyororo. Zikiingia kituoni zinajiachilia kutoka kwenye kamba, zinapunguza mwendo, watu wanashuka na kupanda, kisha zinashika kamba tena. Kwenye milima ya baridi ya Ulaya chombo hiki hiki kinawapandisha watu wanaokuja kuteleza juu ya theluji.

Kituo cha juu ndicho kinachopigwa picha. Lakini kituo cha chini ndicho chenye mlango wa kuingilia, dirisha la tiketi, maegesho ya magari, choo, soko, na barabara inayokileta chakula. Ndicho kinachohitaji uwanja mkubwa, na kwa hiyo ndicho kinachohamisha watu. Ndicho kinachoamua basi zisimame wapi, muuza mahindi aketi wapi, hoteli ijengwe wapi. Ukikisogeza kilomita mbili tu, umehamisha riziki ya mji mzima kutoka mikono fulani kwenda mikono mingine. Kule juu watalii wanatazama mawingu. Huku chini watu wanagombania ugali.

Ndiyo sababu swali la kwanza la mradi wa namna hii, kabla ya bei ya kamba na jina la kampuni, lingepaswa kuwa hili: kituo cha chini kitakuwa wapi, na nani atakula pale? Inchi nyingi zinauliza swali hilo mwishoni, wakati saruji imekwisha kumwagwa.

Antananarivo: kabini juu, giza chini

Turudi Madagaska. Raia wa kawaida wa Antananarivo anasafiri kwa taxi-be, basi dogo linalojaa mpaka mlangoni. Nauli ya teleferiki ilipangwa kuwa mara kadhaa ya nauli ya taxi-be. Mama anayeuza mboga, mwanafunzi, fundi wa matofali, hao wote waliangalia kabini zikipita juu ya vichwa vyao wakijua kwamba hazikuwa zao. Kila siku. Barabara mbaya unaweza kuizoea. Chombo kipya kinachopita juu ya nyumba yako ambamo umeme umekatika tangu asubuhi, huwezi kukizoea.

Tena teleferiki inakula umeme. Magurudumu makubwa ya kituoni hayazunguki kwa sala. Kampuni ya serikali ya maji na umeme, JIRAMA, ilikuwa imeshindwa kuwapa wakaaji umeme wa kutosha kwa saa nyingi za siku, na serikali ile ile ikafungua mashine mpya inayohitaji umeme bila kukatika. Mtu hahitaji kusoma chuo kikuu ili aone kwamba hesabu hiyo haikai sawa.

Yaliyofuata yanajulikana. Umoja wa Mataifa ulisema watu wasiopungua 22 walikufa katika siku za kwanza, hesabu ambayo serikali iliikataa. Rajoelina alifukuza serikali yake yote tarehe 29. Haikusaidia. Katikati ya mwezi wa kumi kikosi cha jeshi kinachoitwa CAPSAT kilijiunga na waandamanaji, wabunge wakamwondoa rais ambaye alikuwa amekwisha kukimbia, na tarehe 17 Kanali Michael Randrianirina akaapishwa kuongoza inchi.

Hatusemi kwamba teleferiki iliangusha serikali. Iliyoiangusha ni ukosefu wa maji, giza, umaskini na ufisadi. Lakini teleferiki iliwapa watu picha ya yote hayo kwa pamoja. Mtu akikuuliza serikali imefanya nini na pesa, unainua kidole juu na kumwonyesha kabini.

La Paz: kituo kilichoingia sokoni

Je, hii inamaanisha kwamba teleferiki ni anasa isiyofaa inchi maskini? Hapana. Angalia Bolivia, inchi ambayo nayo si tajiri.

Mji wa La Paz uko ndani ya bonde kwenye mita karibu 3,600 juu ya bahari. Juu yake, kwenye uwanda wa mita karibu 4,000, kuna El Alto, mji wa wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo, wengi wao wenyeji wa kabila la Aymara. Kila asubuhi umati wa El Alto unashuka kufanya kazi chini, na jioni unapanda. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa basi ndogo zilizojaa, kona kali, moshi na saa zilizopotea.

Mwaka 2014, chini ya Rais Evo Morales, kampuni ya serikali inayoitwa Mi Teleférico ilifungua mistari mitatu ya kwanza: mwekundu, wa njano na wa kijani, rangi za bendera ya Bolivia. Kabini za watu kumi kumi zinaondoka kila baada ya sekunde chache, na mstari mmoja unaweza kubeba watu 3,000 kwa saa kwa kila upande. Mstari mwekundu unapanda kwa karibu dakika kumi. Ilipofika 2019 mistari ilikuwa imekwisha kufika kumi, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 30. Ni mtandao mkubwa kuliko wote wa namna yake duniani.

Sasa angalia vituo viliwekwa wapi. Kituo cha chini cha mstari mwekundu kilijengwa kwenye stesheni ya zamani ya treni ya La Paz, mahali ambapo mji ulikuwa umekwisha kuzoea kukutana na ambapo ardhi ya umma ilikuwa tayari. Kituo cha juu kikawekwa kando ya soko la 16 de Julio, moja ya masoko makubwa zaidi ya Amerika ya Kusini, linalofunguliwa Alhamisi na Jumapili. Vituo vikapewa majina ya Kiaymara pamoja na ya Kispania. Nauli ikapangwa bolivianos 3, na 2 ukibadilisha mstari, kiasi ambacho mtu aliyezoea basi ndogo anaweza kukilipa.

Wenye basi ndogo hawakufurahi, na hiyo inaeleweka. Mradi ule uligharimu pesa nyingi: awamu ya kwanza peke yake zaidi ya dola milioni 230. Wako Wabolivia waliosema pesa hizo zingejenga hospitali. Lakini serikali zimebadilika tangu wakati huo, Morales mwenyewe aliondoka madarakani katika ghasia za 2019, na kabini bado zinazunguka na kujaa watu. Mama wa El Alto anapanda na furushi lake la bidhaa, anashuka mjini, anauza, anarudi. Mashine ni ya aina moja na ile ya Antananarivo: kamba, gurudumu, kabini. Tofauti iko mlangoni, kwenye nauli na kwenye mahali pa kituo.

Mji wa Medellín, Kolombia, ulikuwa umetangulia tangu 2004. Pale kituo cha chini, Acevedo, kiliunganishwa na treni ya mji, tiketi moja ikitosha kwa vyote viwili. Kabini zilipanda kwenye kartie za mlimani ambazo polisi wenyewe walikuwa wanaogopa kuingia. Na kabini hazikuenda peke yake. Zilifuatana na shule, viwanja, njia za miguu na maktaba. Mwaka 2010 mji ukaongeza mstari wa kwenda kwenye msitu wa Arví kwa ajili ya matembezi, na huo ukapewa nauli yake, iliyo kubwa zaidi. Anayekwenda kazini analipa kama mfanyakazi, anayekwenda kutembea analipa kama mtalii.

Katra: kituo kinachoruka mji

Mfano wa tatu unatoka Uhindi, na unatugusa zaidi sisi wa milimani, kwa sababu unahusu watu wanaoishi kwa miguu na migongo yao.

Katra ni mji mdogo wa Jammu, chini ya vilima vya Trikuta. Juu kuna pango takatifu la Mata Vaishno Devi, ambalo Wahindu kwa mamilioni wanalitembelea kila mwaka. Kutoka mjini mpaka pangoni ni mwendo wa karibu kilomita 13 kwa miguu. Njia yote ni uchumi: maduka ya matoleo, chai na vyakula, nyumba za wageni. Asiyeweza kutembea anapanda farasi mdogo, ao anabebwa na wanaume wanne kwenye kiti cha miti. Familia nyingi mno zinakula kutokana na njia hiyo.

Bodi inayosimamia mahali patakatifu ikatangaza teleferiki ya rupia bilioni 2.5, kutoka Tarakote kwenda Sanjichhat, karibu na pango. Sababu yake ilikuwa nzuri: wazee, wagonjwa na walemavu ambao hawawezi kupanda nao wana haki ya kusali. Lakini wafanyabiashara wa Katra waliangalia ramani na kuona jambo moja. Msafiri angeweza kuingia na kutoka bila kukanyaga njia ya zamani. Kituo cha chini kingeuruka mji.

Mwezi wa kumi na moja 2024 wenye maduka, wenye farasi na wabebaji waliingia katika mgomo, na siku moja kukawa na mawe kati yao na polisi. Tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili mji mzima ukafungwa: maduka, hoteli, magari. Wengine wakakataa kula. Mgomo uliisha karibu na mwaka mpya, baada ya waliokamatwa kuachiliwa na kamati ya mazungumzo kuundwa.

Tazama vizuri walichokuwa wanasema. Hawakuwa wanaichukia mashine. Juu kwenye vilima vile vile, teleferiki nyingine fupi ilikuwa imefanya kazi tangu 2018 bila vita ya namna hiyo, maana haikumnyang'anya mtu njia yake. Walichouliza ni nani aliulizwa kabla ya kituo kuchorwa kwenye karatasi. Kamati iliyoundwa baada ya mgomo ingeweza kuundwa kabla yake, na kwa gharama ndogo zaidi.

Kilimanjaro: kamba ambayo haijavutwa

Karibu na sisi, swali hili hili linaning'inia juu ya Kilimanjaro tangu mwaka 2019. Mwaka ule Constantine Kanyasu, aliyekuwa naibu waziri wa maliasili na utalii wa Tanzania, alisema serikali inachunguza wazo la kuweka teleferiki kwenye mlima huo wa mita 5,895 na kwamba kuna mazungumzo na kampuni za inje. Lengo lilikuwa kuongeza watalii, hasa wale ambao umri ao afya haiwaruhusu kutembea siku tano mpaka tisa.

Watu karibu 50,000 hujaribu kupanda Kilimanjaro kwa mwaka. Mtalii mmoja hapandi peke yake. Nyuma yake kuna kiongozi wa njia, mpishi, na wabeba mizigo watatu, wanne, wakati mwingine zaidi, kila mmoja akiwa na mzigo ambao sheria ya hifadhi inasema usizidi kilo 20. Mahema, mitungi ya gesi, viazi, viti, hata vyoo vya kubeba: yote hayo yanapanda kwa shingo na mabega ya vijana wa Moshi, Marangu na Machame. Siku za mtalii mlimani ndizo siku za mshahara wao. Kabini ikimpandisha kwa dakika chache na kumrudisha jioni, siku saba za mshahara zinakuwa sifuri.

Wenye kutetea mradi wanajibu kwamba mtalii wa kabini ni mtalii mwingine: mzee, mtoto, mtu mwenye haraka, ambaye asingepanda kwa miguu hata siku moja. Kwa hiyo hamnyang'anyi mbebaji chochote. Hoja hiyo ina uzito, na si haki kuitupa. Lakini haijibu maswali mengine. Kijana aliyebeba kilo 20 atapewa kazi gani kwenye kituo cha chini, wakati kazi za pale zinataka fundi wa mashine na anayezungumza lugha tatu? Mlima ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987 utavumilia nguzo ngapi za chuma? Na mwili wa mtu utafanya nini? Lango la Machame liko karibu mita 1,800. Ukimpandisha mtu kwa ghafula mpaka zaidi ya mita 3,000, hewa inapungua kabla damu yake haijazoea. Mzee, yaani yule yule ambaye kabini inasemekana kumsaidia, ndiye ambaye daktari atamhofia zaidi.

Mpaka leo kamba haijavutwa. Chuki haipo tu, wala furaha. Kuna kungoja. Na mbebaji anayengoja hawezi kupanga maisha yake.

Fundi, breki na karatasi

Kuna jambo lingine linaloamuliwa chini, na hilo ni la kufa na kupona.

Tarehe 23 mwezi wa tano 2021, kabini ya teleferiki ya Stresa-Mottarone, Italia, ilikuwa imebaki kidogo ifike juu. Kamba ya kuvuta ikakatika. Kwa kawaida breki ya dharura ingeshika kamba nyingine na kabini ingebaki ikining'inia. Haikushika. Kabini ilirudi nyuma kwa kasi, ikaanguka. Watu 14 walikufa. Mtoto mmoja tu alipona. Uchunguzi ulionyesha kwamba breki ilikuwa imefungwa kwa makusudi kwa vyuma, kwa sababu ilikuwa inasumbua na kusimamisha kabini. Kuitengeneza kungetaka kufunga huduma, na kufunga huduma ni kupoteza pesa.

Tarehe 17 mwezi wa ine 2025, Italia tena. Teleferiki ya Monte Faito, ambayo kituo chake cha chini kiko ndani ya stesheni ya treni ya Castellammare di Stabia, karibu na Napoli, ilikuwa imefunguliwa kwa msimu mpya siku chache tu. Kamba ikakatika. Kabini ya juu ilianguka na watu wanne wakafa. Abiria wa kabini iliyokuwa chini, karibu na mji, waliteremshwa mmoja mmoja kwa kamba, wakiwa hai. Na mwezi wa tisa mwaka ule ule, mjini Lisbon, Ureno, gari la kamba la Glória linalopanda kilima kwenye reli liliacha njia: watu 16 walikufa. Ripoti ya kwanza ya wachunguzi ilisema kamba iliyotumika haikuwa na kibali cha kubeba watu.

Hizo ni inchi za Ulaya, zenye sheria, bima na mainjinia wengi. Hata hivyo mtu mmoja kituoni aliamua breki isisumbue. Ofisi moja ilinunua kamba isiyostahili. Kwa hiyo anayeleta teleferiki kwenye inchi yetu anapaswa kuulizwa si tu nani atakata utepe siku ya ufunguzi. Aulizwe pia nani atapima kamba miaka kumi baadaye, na kama mtu huyo ana uwezo wa kusema "leo hatufungui" bila kufukuzwa kazi.

Na sisi je?

Msomaji wa Kivu anaweza kusema: ndugu, tuna vita, wakimbizi, barabara zilizokufa, habari za kabini zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu mbili.

Ya kwanza iko mpakani. Upande wa Uganda, wazo la teleferiki kwenye Rwenzori limezungumzwa kwa miaka mingi. Mlima ule tunaugawana. Kilele chake cha Margherita, mita 5,109, kiko kwenye mpaka wenyewe. Wabakonzo wa upande wa Kasese na Wanande wa Beni wanaelewana kwa lugha, na babu zao walivuka mlima ule kabla mtu hajachora mpaka. Kama siku moja kituo cha chini kitajengwa upande wa mashariki, watalii, hoteli na kazi zitashuka upande wa mashariki. Mutwanga, ambako njia ya Kongo inaanzia ndani ya hifadhi ya Virunga, itabaki ikitazama taa za jirani, na Kasese itahesabu tiketi. Amani ikirudi, viongozi wetu wanapaswa kuwa kwenye meza ya mazungumzo mapema, si kupeleka barua ya kulalamika wakati nguzo zimekwisha kusimama.

Lakini Mutwanga inatufundisha pia jambo lingine. Pale hifadhi ya Virunga ilijenga mtambo mdogo wa umeme unaotumia maji yanayoshuka kutoka mlimani. Hakuna kabini. Hakuna kamba. Mlima unawafikia watu wa chini kama taa na kama nguvu ya mashine za viwanda vidogo. Linganisha na Antananarivo. Moja ilianza na kabini na kuacha nyumba gizani, nyingine ilianza na taa. Mpangilio una maana: umeme kwanza, mashine inayokula umeme baadaye.

Ya pili iko ndani ya miji yetu. Bukavu ni mji wa vilima uliojaa watu kuliko barabara zake. Siku moja, pengine si mbali, kampuni fulani itakuja na picha nzuri za kabini zinazopita juu ya Kadutu mpaka kando ya ziwa. Picha kama hizo zimekwisha kuonyeshwa katika miji mingi ya Afrika. Siku hiyo tusianze kwa kupiga makofi, wala kwa kukataa. Tuanze na mama anayebeba gunia kwa kamba kwenye paji la uso kutoka Beach Muhanzi akipanda mpaka sokoni. Yeye ndiye kipimo. Je, ataruhusiwa kuingia na gunia lake? Nauli itakuwa kiasi gani akilinganisha na anachopata kwa siku? Kama gunia litapandishwa na kabini, yeye atakula nini? Na wanamotari, na vijana wa chukudu kule Goma, wameulizwa lini?

Maswali hayo yanaonekana madogo mbele ya mamilioni ya euro. Lakini ndiyo yaliyoamua. Yalijibiwa La Paz, na kabini zimejaa. Yaliachwa Katra, na mji ukafungwa kwa siku karibu saba. Yaliachwa Antananarivo, ambako watu hawakuwa hata na maji ya kuoga, na vituo vikawaka.

Kiongozi anayependa kukata utepe ataangalia juu daima, kwa sababu juu kuna upepo mzuri na kamera. Raia ana kazi ya kumvuta mkono na kumwambia: mheshimiwa, kabla hatujapanda, hebu tusimame kwanza hapa chini tuhesabiane.